Mukebe Unataka Matundu Mawili

Shingoni alikuwa anavaa vitu viwili kwenye uzi mmoja: msalaba mdogo wa mti na ufunguo wa chupa. Ukimwona kwa mbali hukujua kipi ni kipi. Minago nzima, kuanzia juu kwenye mihogo mpaka chini kwenye mitumbwi, ilikuwa inaviamini vyote viwili, na ukiniuliza mimi, ufunguo ndio waliokuwa wanauamini zaidi. Jina lake walikuwa nalo kanisani na kwenye kitambulisho. Sisi tulimwita Mufunguzi, basi. Habari za ukoo wake sitasema. Wako wengi wa kumwimbia hayo, na mimi sikukaa hapa kumwimbia.

Nilimwonea wivu miaka mingi, na sitaki mtu anionee huruma kwa hilo. Wivu wangu haukuwa ugonjwa. Ulikuwa na sababu, na sababu hiyo ina majina ya watu, nitayataja.

Mtu wa mbali atauliza, kufungua chupa ni kazi gani? Kwetu ni kazi. Hapa kando ya ziwa mgeni hapewi chupa iliyofunguliwa nyuma ya nyumba. Inaletwa imefungwa, anaoneshwa, inafunguliwa mbele ya macho yake, asikie ile pumzi inavyotoka, ndipo anakunywa. Kama ni pombe ya mtungi, anayekupa anaonja kwanza. Watu wanaita adabu. Ni adabu, lakini ndani yake kuna hofu, kwa sababu sumu haina kelele. Baada ya krizi, vile vita vyetu vya wenyewe kwa wenyewe, hofu hiyo ilizidi. Watu waliokuwa wamefukuzana kwa mapanga walirudi kukaa benchi moja kwenye mahari za watoto wao. Baba wa binti angepokeaje chupa kutoka mkono wa mtu ambaye anajua alikuwa wapi wakati ule? Asingepokea. Lakini kwa mkono wa Mufunguzi alipokea. Upande huu walipokea, upande ule walipokea. Mahari bila yeye ilikuwa inaahirishwa, kama vile padri hayupo.

Na alijua. Ndicho kilichoniuma zaidi, kwamba alijua. Alikuwa anafika amechelewa kidogo, viatu vimepigwa rangi mpaka vinaonesha mawingu, akijua kwamba wasemaji wa pande zote mbili wamekauka midomo wakimngoja. Hakukimbia. Alikuwa anasimama mbele ya mgeni, anainama kidogo, anageuza chupa ili mgeni aone karatasi yake, kisha anaigonga kifuniko kwa ufunguo, ngo, ngo, kama mtu anayebisha hodi. Ndipo anafungua. Kifuniko hakikuwahi kuanguka chini. Alikidaka na kukiweka kwenye kiganja cha mgeni, kama mtu anayekurudishia ufunguo wa nyumba yako, ili uone mwenyewe kwamba hakikuguswa kabla. Nimeona wazee wenye mvi wakifunga kiganja juu ya kifuniko kile na kukaa nacho mpaka sherehe inaisha.

Mimi nilikuwa mpika pombe. Urwarwa, ile pombe yetu ya ndizi, mama yangu alinifundisha nikiwa bado siwezi kunyanyua mtungi, na sisemi kwa kujisifu, hapakuwa na mkono mwingine kutoka Magara mpaka Minago uliokuwa unaitoa tamu kama mimi. Halafu nikawa mjane, na wateja wakaanza kupita mlango wangu bila kugeuza shingo. Siku moja kisimani Mama Dorika, jirani yangu wa juu, alisema bila kushusha sauti, ilhali mimi nimesimama pale na ndoo yangu:

"Pombe ya Mama Kezia ni tamu. Lakini moyo wake je?"

Basi. Neno hilo lilimaliza biashara yangu kuliko moto. Walisema mjane mwenye majina ya watu mdomoni ana sababu ya kuweka kitu kwenye mtungi. Niliwaita nikaonja mbele yao, kama desturi inavyotaka. Nikaonja kibuyu kizima. Hawakunywa. Nikaonja cha pili. Waliniangalia nikilewa peke yangu mchana wa jua, kisha wakaenda kunywa bia ya dukani iliyofunguliwa na Mufunguzi. Sasa unaelewa wivu wangu ulianzia wapi.

Ujane wangu nao ulianza hivi. Mume wangu walimchukua nyumbani jioni, wakati wa krizi. Waliomchukua ni watatu: Serafini wa Gatete, Bernari aliyekuwa dereva wa lori, na Zakaria, mjomba wake Bernari. Nayaandika kwa mpangilio ule ule niliokuwa nayasema kila mahali, kanisani, sokoni, msibani. Mimi nilikuwa nimelala chini ya rundo la majani ya michikichi tuliyokata kwa ajili ya paa, mwanangu Kezia nimemfunga kifuani, kitambaa mdomoni mwake. Sikuona nyuso. Nilisikia sauti, na sauti za watu watatu waliokuwa wanakula nyumbani kwangu siwezi kuzikosea. Mume wangu hakurudi. Shamba letu la michikichi, lile la mteremkoni, Serafini aliingia akaanza kuvuna kama mtu aliyeachiwa urithi, na mpaka mwaka huu alikuwa anakamua mafuta yake pale. Mashine ya mawese ilimkata kidole cha shahada hata kabla ya krizi, kikabaki kipande kifupi kama kichwa cha mjusi. Watu walisema pole. Mimi wakati ule nami nilisema pole.

Vita vilipotulia nilikwenda kwa bashingantahe, wazee wanaoamua maneno ya mlima wetu, maana kwetu kijiji tunakiita mlima. Walinisikiliza, sitasema uongo. Kisha wakaniambia sauti si mtu, nilete aliyewaona kwa macho. Na palikuwa na mtu mmoja. Kabla ya kuja kwangu, watu wale walikaa kwanza kwenye kabare ya barabarani wakanywa, na aliyekuwa anafungua chupa pale jioni ile ni yeye, Mufunguzi. Wakamwita. Alikuja na viatu vyake vya mawingu, akasimama, akashika ule uzi wa shingoni, akasema:

"Mimi kazini naangalia vifuniko. Siangalii nyuso."

Wazee wakatabasamu, unajua tena, kwa sababu alisema vizuri. Na neno langu likafia pale. Miaka yote iliyofuata nilitaka kitu kimoja kwa mtu huyu: awataje. Si anipende, si aniombe msamaha. Awataje.

Ndiyo maana namjua vizuri kuliko waliompenda. Mtu unayemtaka neno unamchunguza.

Alikuwa na hadithi za mikebe, na hizo zilikuwa zinamkusanyia watu hata pale pasipo na pombe. Ujana wake aliumaliza kwenye duka la Mwarabu mmoja wa Rumonge mjini, wale watu ambao babu zao walitoka Omani, karibu na soko. Kazi yake ilikuwa kupanga mikebe na kuwafungulia wateja wasiokuwa na kitu cha kufungulia. Alikuwa anasema Mzungu ni mtu wa ajabu: alitengeneza mukebe kwanza, akaufunga vizuri kabisa, akaweka nyama ndani, halafu ndipo akakumbuka kwamba hajatengeneza kitu cha kuufungulia. Miaka mingi, alisema, watu huko kwao walikula nyama ya mukebe kwa nyundo na patasi, askari kwa kisu cha bunduki. Watu wakimsikia walikuwa wanacheka mpaka machozi. Mimi sikucheka. Nilikuwa najua kitu kilichofungwa vizuri kikakosa wa kukifungua.

Halafu alikuwa anaonesha kwa mikono. Kulikuwa na ule wa nyama wenye kifunguo chake kimebandikwa mgongoni. Unakitoa, unachomeka ulimi wa bati, unazungusha, na bati linajikunja kama mkeka. "Huyu ndiye mwenye akili," alikuwa anasema, "anatembea na ufunguo wake." Kulikuwa na mikebe ya maji ya matunda na bia ya zamani, kichwa chake bapa, hakina pete wala nini, ya chuma kizito kuliko hii ya leo inayominyika kwa vidole. Ile ilitaka chuma chenye ncha ya pembetatu. Chuma chake alikuwa bado anacho; upande mmoja ni ufunguo wa chupa, upande wa pili ni ile ncha. Wanunuzi wajinga walikuwa wanatoboa tundu moja, wanainamisha, hakitoki kitu, wanatikisa, wanatukana duka. Yeye anautoboa upande wa pili, na maji yanakuja yenyewe. Hapo ndipo lilipotoka neno lake kubwa, ambalo siku hizi hata watoto wa shule wanalisema bila kujua ni la nani:

"Mukebe unataka matundu mawili. Moja la kutoka, moja la kupumua."

Alilisema kwenye ndoa, akimaanisha mume na mke. Alilisema kwenye ugomvi wa mipaka. Alilisema msibani. Mtu mmoja neno moja, na kila mahali wanamshangilia kana kwamba amelipokea asubuhi ile. Mimi nilikuwa na maneno mengi, yote ya kweli, wakaniita kichwa kibovu.

Baadaye ikaja ile yenye pete. Mwanzoni pete ilikuwa inang'oka na kipande cha bati, unabaki nayo mkononi, unaitupa. Alikuwa anaichukia kama nyoka. Wavuvi wa Magara walikanyaga pete hizo mchangani wakachanika nyayo, na wengine wakazivaa vidoleni wakidanganya wasichana. Kisha Mzungu akajirekebisha, akatengeneza hii ya leo, pete inasukuma mlango ndani na kubaki hapo hapo kichwani. Hata hii Mufunguzi hakuipenda, lakini sababu hakuisema. Sababu niliijua mimi. Mukebe wenye pete haumtaki mtu.

Kitu ambacho watu hawakukiona, au walikiona wakakinyamazia, ni kwamba yeye mwenyewe hakupokea kwa mtu yeyote. Mimi nilikiona. Kwenye mahari alikuwa anafungua kaziye nzima za bia, kreti kwa kreti, na yeye hanywi hata soda. Wakimletea sahani alikuwa anasema amefunga, leo kwa ajili ya mtakatifu huyu, kesho yule. Mfukoni alikuwa na muhogo wa kuchoma aliouchoma mwenyewe, anautafuna nyuma ya nyumba akiwa amegeukia ukuta. Maji yake alitembea nayo kwenye kichupa. Mtu aliyekuwa anawapa watu wote imani, yeye hakuwa nayo hata ya kujaza kifuniko kimoja. Nilimfumania siku moja na muhogo wake, nikamwambia, "Muzee, mtakatifu wa leo anakula mihogo?" Akanitazama, akafuta mdomo, akasema, "Amahoro, Mama Kezia," akaenda zake. Heshima yake ilikuwa kama mlango wa bati. Ukiupiga unaumia wewe.

Nilikuwa namsumbua, ndiyo. Akisimama na chupa mbele ya mgeni, nilikuwa nasema kutoka kwenye benchi la wanawake, "Baada ya chupa, Mufunguzi, tufungulie na mdomo." Wanawake wananivuta kitenge. Mwishowe waliacha kunialika. Yeye walimwalika mara mbili.

Siku niliyofurahi ilikuwa kwenye mahari moja kule Gatete. Familia ya kijana ilikuwa imerudi kutoka Tanzania, watu waliokaa kambini miaka na miaka, na wakataka kutuonesha kwamba hawakurudi mikono mitupu. Wakaleta kanete peke yake, yaani mikebe ya kinywaji, mirefu myembamba, ina rangi kama vitenge. Hapakuwa na chupa hata moja. Mimi nilikuwapo kwa sababu waliokuja walikuwa hawajaambiwa nisialikwe.

Vijana wakagawa. Kila mzee akawekewa kanete yake mapajani. Na wazee wakakaa nazo. Desturi inasema mgeni hajifungulii, basi hakuna aliyejifungulia. Msemaji wa upande wa kijana anasema, tunyweni jamani. Wanaitika, murakoze, asanteni, na hawagusi. Hotuba ya kwanza ikaisha, ya pili ikaisha, wazee wote wameshika mikebe iliyofungwa kama watu waliopewa mayai ya kuatamia, wanaangalia njiani. Wale waliotoka Tanzania wakaanza kunong'ona kwamba labda wamechukiwa. Baba wa kijana jasho likamtoka, kwa sababu kwetu kutokunywa ni kukataa.

Ndipo Mufunguzi akafika, akiwa amechelewa kama kawaida yake. Akainama mbele ya mzee wa kwanza, akaipokea kanete, akaigeuza, akatafuta kifuniko cha kugonga. Hakuna. Akaona pete. Kijana mmoja akamwambia kwa adabu, "Muzee, unavuta tu." Angevuta, yangekwisha. Lakini angevuta, kila mtu angeona kwamba kila mtu anaweza. Akaushika ule uzi wa shingoni, akageuza chuma chake upande wa ncha, akatoboa. Kanete ilikuwa imetikisika njia nzima kutoka mpakani. Ilimrukia usoni, ikapita, ikamlowesha shangazi wa bibi arusi kutoka kilemba mpaka kifuani, naye akiwa amevaa nguo yake nyeupe ya heshima. Mwanamke yule hakupiga kelele. Alifuta jicho moja, akasema:

"Muzee, mimi nilishabatizwa, na jina halibadilishwi mara mbili."

Pakalipuka kicheko. Na katikati ya kicheko wazee wakaanza kuvuta pete zao wenyewe, mmoja, mwingine, sauti ikaenea benchi hadi benchi. Yeye akabaki amesimama na mukebe wenye tundu moja. Hata la pili hakulitoboa. Nilicheka mpaka wakaniomba nitoke nje, na nje nikaendelea.

Kutoka hapo mambo yaligeuka, kwake na kwangu. Kanete zilizidi, kutoka Tanzania, nyingine sijui Dubai, za kuongeza nguvu, za malta, za matunda ambayo hatuna. Ziwa lilipopanda na kula nyumba za chini, tulikuwa tunafungua mlango asubuhi tunakuta mikebe mitupu imekuja kupiga hodi. Na mimi nikafikiri. Pombe yangu walikuwa wanaiogopa kwa sababu ya moyo wangu. Lakini mukebe ulitoka kiwandani umefungwa. Moyo wangu ungeingilia wapi? Nikaanza kuweka kanete kwenye beseni la maji baridi kando ya barabara, pamoja na ndagala zangu kavu, dagaa wa ziwani. Walinunua. Waliotoka kazini, wa pikipiki, hata Mama Dorika. Lakini angalia: walikuwa wanachukua wenyewe kutoka kwenye beseni, wanaigeuzageuza, wanaifuta kwa nguo yao, wanafungua wenyewe wakiwa wamenipa mgongo. Miaka yote ya beseni lile hakuna aliyewahi kuniambia, nifungulie. Nilimshukuru Mzungu na pete yake, na wakati huo huo ile pete ilikuwa inanikumbusha.

Yeye akaisha polepole. Sherehe zikamsahau, hakuna aliyemfukuza, walisahau tu kumtumia mtu. Vidole vikamkunjika, vile vidole vyake vya madaha, vikawa kama mizizi. Nilimwona kanisani akishindwa kufunga kifungo cha shati. Unafikiri nilifurahi? Nilifurahi kidogo. Halafu nikaona wanawake watatu wamesimama kumfungia kile kifungo, wakigombania, na furaha yangu ikaishia hapo.

Mwaka huu, baada ya mvua za kwanza, alikuja kwenye beseni langu. Ilikuwa mchana, barabara imejaa baiskeli za mawese. Alikuja polepole, akasalimia, akakaa kwenye kaziye niliyogeuza kuwa kiti. Msalaba ulikuwepo shingoni, ufunguo ulikuwepo. Akaomba kanete moja ya malta. Nikamwonesha beseni, achukue kama wengine. Akachukua. Akaweka kidole kwenye pete, hakikuingia. Akajaribu kwa ukucha, ukateleza. Akajaribu na ule ufunguo wake, hakuna nguvu. Mimi nikawa napanga ndagala. Niliangalia ndagala zangu kama vile sijawahi kuona ndagala.

"Mama Kezia," akasema, "nifungulie."

Nikamwambia Minago iko na watu wengi wanaompenda, aite mmoja wao.

"Hao wanaonipenda siwajui," akasema. "Wewe ndiye mutu mmoja hapa ambaye hawezi kuniua kwa siri. Ungetaka kuniua, ungetangaza kwanza sokoni."

Nilitaka kucheka nikakasirikia kicheko changu. Niliichukua ile kanete kutoka mkononi mwake. Nikaigeuza aone maandishi, nikavuta pete mbele ya macho yake. Ikatoa pumzi. Kabla sijaipeleka mdomoni ili nionje, yeye alikuwa ameshanyoosha mkono, akaichukua, akanywa. Mbele ya barabara nzima, yeye aliyetafuna muhogo ukutani maisha yake yote. Koo lake likapanda na kushuka. Sikujua niweke wapi mikono yangu.

Akapumzika, akasema kama mtu anayeendelea na maneno ya jana:

"Nilisema siangalii nyuso. Ni kweli. Naangalia mikono. Serafini alikaa na mgongo ukutani, akataka bia isiyo baridi, akaipokea kwa mkono wa kidole kifupi. Bernari alikuwa na mafuta ya lori kwenye kucha. Zakaria hakumaliza yake. Walipoinuka walisema wanakwenda kwako, wakataja jina la mume wako. Nilikuwa na vifuniko vyao vitatu mkononi."

Nilimuuliza kwa nini leo. Nilimuuliza vibaya, na matusi ndani yake ambayo siyaandiki.

"Ningesema wakati ule, nani angepokea chupa tena kwangu?" akasema. "Nikajiambia, wapate kukaa pamoja kwanza. Kila mahari nikajiambia, baada ya hii." Akaangalia ile kanete. "Sasa wanajifungulia. Na wewe, Mama Kezia, mukebe unataka matundu mawili. Wewe ulikuwa tundu moja miaka yote. Ndiyo maana hayakutoka."

Hata siku ile alikuja na neno lake. Nikamwambia tundu la pili lilikuwa shingoni kwake, limening'inia kwenye uzi, linameremeta. Nikamuuliza kama atayasema hayo mbele ya bashingantahe, ama amekuja tu kupoza koo. Akasema niwaite.

Walikaa mbele ya ofisi ya mlima, kwenye mabenchi ya kanisa yaliyoazimwa. Bernari alishakufa na Zakaria alivuka zamani kwenda upande wa Kongo, lakini Serafini alikuja, koti zuri, akakaa mstari wa mbele kama anavyokaa kila mahali. Watu walijaa. Mufunguzi akasimama, akasema yale aliyoniambia barabarani. Hakuzidisha wala hakupunguza. Alipofika kwenye kidole kifupi, Serafini akaingiza mkono mfukoni mwa koti. Hakuna aliyemwambia auingize. Watu wote waliona.

Na wakaamini. Hivyo tu, pumzi moja. Mzee mkubwa akainamisha kichwa, akasema Serafini asikanyage tena lile shamba la mteremkoni, na maneno ya mume wangu yapelekwe mahakamani, wao wenyewe watayasindikiza. Wanawake walikuwa wanalia. Mama Dorika alikuja kunishika bega akisema, kumbe. Kumbe nini? Ni majina yale yale, kwa mpangilio ule ule. Niliyasema mpaka meno yakalegea, nikaitwa kichwa kibovu. Yeye aliyasema mara moja, amechelewa kama kawaida yake, na watu wakamletea kiti, wakamuuliza kama amechoka. Mimi nilikuwa nimesimama. Nilipata nilichokitaka miaka yote, na bado nilikuwa namwonea wivu kwa jinsi nilivyokipata.

Mtu akamletea kinywaji, kanete, tayari imefunguliwa kwa kumhurumia vidole vyake. Mufunguzi akaitazama akairudisha. Wakaleta nyingine, imefungwa. Kijana akataka kumvutia pete. Akamzuia kwa mkono.

"Mpe Mama Kezia," akasema. "Nakunywa kwa mkono wake."

Benchi zima la wanawake lilinigeukia, na Mama Dorika akaondoa mkono wake begani kwangu ili nipite. Nikapita katikati yao. Nikaichukua kanete, nikamwonesha yeye, nikawaonesha wazee, nikamwonesha na Serafini. Nikaigonga kichwa kwa ukucha, ngo, ngo. Nikavuta.

Yeye akanyoosha mkono kama siku ile, bila kungoja nionje. Sikumpa. Mbele ya watu tufuate desturi, nikamwambia, Muzee, subiri. Desturi inasema anayekupa aonje kwanza. Haisemi aonje kiasi gani. Nikainua, nikanywa, taratibu, malta baridi, na hakuna hata mmoja pale aliyethubutu kuniambia inatosha.